Cherehani ya Mke wa Afande

Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno matatu tu, na Afande aliutoa kabla hajajua kwamba ameutoa.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, saa ambayo kichochoro cha maduka ya vitambaa huwa hakipitiki. Watu walikuwa wakipita kiubavu kati ya majora yaliyosimamishwa milangoni, wachuuzi wa vifungo na zipu wakiita kwa sauti zilizokauka. Afande alikuwa ametoka zamu bila kubadili nguo: suruali nzito ya buluu, buti za kazi, fulana iliyoandikwa ZIMAMOTO mgongoni. Mtu wa miraba minne. Alisimama mbele ya duka la cherehani kwa muda mrefu kiasi kwamba wapita njia wakaanza kunusa hewa, wakidhani kuna kitu kinaungua.

Mwenye duka akatoka. Alivaa ovaroli ya kijani, mikono imekunjwa hadi viwikoni, kichwani kitambaa cha njano, na bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio. Watu wote wa kichochoro kile walimwita Fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyezifungua, akazisafisha na kuzifufua cherehani zao zote.

"Kaka," alisema, "kuna moto dukani kwangu ambao mimi siuoni?"

"Hapana. Nilitaka kuangalia cherehani."

"Karibu sana. Ya nani?"

Wanawake watatu waliokuwa wakichagua zipu wakageuka wote kwa pamoja. Wakayatazama mabega, wakazitazama buti, wakasubiri jibu.

Jibu la kweli lilikuwa rahisi. Ilikuwa yake. Kwa mwaka mzima Afande alikuwa akitamani kushona, si kwa biashara, bali kwa raha yake tu. Kazi yake ilikuwa kufika mahali vitu vikishaharibika, na siku za mapumziko alitamani kukaa kitako mahali aone kitu kinatokea mikononi mwake, hata kama ni foronya ya mto. Hakuwahi kumwambia mtu. Sasa macho ya wale wanawake yalikuwa yakimtambaa mwilini, na kijasho chembamba kikamtoka.

"Ya mke wangu," alisema.

Akashtuka kuliko yeyote pale mlangoni. Hakuwa na mke. Hata mchumba hakuwa naye.

"Aa, shemeji!" Fundi akachangamka. "Ingia basi. Mwenzio ashawahi kushona?"

"Hajawahi hata siku moja."

"Anataka kushona nini?"

"Foronya. Mapazia. Akizoea, labda shati."

"Shati lako?"

"Langu."

"Una bahati yako." Fundi akaguna, na mguno ule ulikuwa na kijiwivu kidogo ndani yake.

Afande akanyoosha kidole kwenye cherehani iliyokuwa juu kabisa, nyeupe, yenye kioo na taa. "Ile je?"

"Ile ina mishono mia na kitu. Mkeo atatumia miwili, wa mstari na wa zigizagi. Iliyobaki ni ya kuonyesha wageni."

"Na hii ya kukanyaga?"

"Hii ni nzuri, umeme ukikatika haina habari. Lakini miguu na mikono ya mwanafunzi huwa haisikilizani. Gurudumu litazunguka kinyume, uzi utakatika, wiki ya pili ataifunika shuka aifanye meza."

"Kale kadogo ka plastiki?"

"Kale ni mdoli, shemeji. Ukikapa jinzi kanalia." Akainama chini ya kaunta, akainua kwa mikono miwili cherehani nzito ya umeme, rangi ya maziwa, rangi yenyewe imechubuka kidogo pembeni. "Chukua hii. Imeshatumika, lakini ni chuma kitupu, na nimeifungua mwenyewe hadi skrubu ya mwisho. Vipuri vyake viko kila duka. Na pedali yake inatii: ukiigusa inatembea, ukiikanyaga inakimbia. Usije ukanunua cherehani kwa macho. Ipe kitambaa chepesi, uipe na kizito, halafu usikilize."

Akapitisha pamba. Akakunja jinzi mara nne, akaipitisha nayo. Afande akainama kusikiliza, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia, kwa sababu alipoinama alisikia harufu ya mafuta ya mashine na sabuni ya kuogea, akaona vidole vyembamba vikikiongoza kitambaa pasipo kukivuta, na moyo ukamruka.

"Mikono ya mkeo ni mikubwa?" Fundi aliuliza, bila kuinua macho.

Afande akaitazama mikono yake. "Kiasi."

"Ni mrefu? Nataka kujua meza ya urefu gani itamfaa."

"Kama mimi hivi."

Fundi akainua macho, akampima kutoka utosini hadi kwenye buti. "Alaa! Mmepatana. Nipe namba yake, nitakuwa namwelekeza mwenyewe."

Hilo Afande hakulitegemea. Alihisi kama mtu aliyeingia chumba chenye moshi akasahau mlango uko upande gani. Akataja namba ya laini yake ya pili, iliyokuwa kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. "Lakini usimpigie," akaongeza haraka. "Mwandikie. Ana shida ya koo. Daktari amemkataza kuongea."

"Maskini dada wa watu!" alisema Fundi, na macho yake yakajaa huruma ya kweli. Afande akabeba cherehani yake akatoka, amekwisha kuumba mke na kumpa maradhi ndani ya robo saa.

Alidhani mambo yangeishia hapo. Jioni ile ile simu ya zamani ikalia kidogo. *Dada, habari za jioni. Mimi ni Fundi wa cherehani. Leo usitie uzi kabisa. Chukua karatasi yenye mistari, ishone bila uzi ukifuata mstari, mpaka mguu wako uzoee. Ugua pole.*

Afande akachukua karatasi. Mstari wa kwanza ukaenda kushoto, wa pili ukatoka nje ya karatasi. Alipofika wa thelathini, sindano ilikuwa ikitembea juu ya wino. Akaandika, *Ahsante, Fundi. Nimeweza,* na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa amesema ukweli.

Ndivyo ilivyoanza. Siku zake za mapumziko alikwenda dukani "ili nikamfundishe nyumbani," na Fundi alimwekea kigoda karibu na kaunta. Akajifunza kujaza uzi kwenye bobini, kubadili sindano, kushona pindo lisilopinda. "Shemeji, kwa mwendo huu mkeo atakuta kazi imeisha!" Fundi alimtania, na walicheka mpaka wateja wakawa wanachungulia. Lakini kila walipocheka sana, Fundi alikuwa wa kwanza kunyamaza, akashika bisibisi yake na kuuliza, "Dada hajambo?"

Jioni ilikuwa zamu ya dada. Kwenye ile simu iliyopasuka mazungumzo yalihama kwenye uzi yakaenda kwenye maisha. Fundi alimsimulia dada yake huyo kwamba duka lilikuwa la marehemu baba yake, kwamba mama yake alitaka aliuze akatafute kazi ya ofisini, kwamba waligombana na sasa mwaka umepita hawasemezani. Afande alisoma akiwa ameketi mbele ya cherehani, akafikiri sana, akaandika: *Mpigie. Usianze na maelezo. Anza na shikamoo.*

Kesho yake yakaja majibu. *Dada, nimeanza na shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, akaanza kulia. Hatukusema kingine kwa dakika nzima. Mungu akuponye hilo koo.*

Afande alikuwa na furaha na alikuwa na hofu, na vyote viwili viliongezeka kila siku. Mara ngapi alipiga moyo konde akaenda dukani kumwaga mtama! Akifika, Fundi anamtolea kifurushi: "Mpelekee dada, ni kitambaa cha zambarau, aliniambia anaipenda." Afande anapokea, anaondoka. Alijua vizuri kabisa kinachomngoja. Akisema, atampoteza Fundi. Asiposema, atabaki kuwa shemeji mpaka anazeeka.

Miezi miwili ilipotimia, Alhamisi moja saa sita mchana, alikuwa mezani kituoni akinywa chai na wenzake. Simu ya zamani ikalia mfukoni.

*Dada, leo sikuandikii habari za uzi. Nina jambo, na nikilinyamazia nitakuwa nakuita dada huku nakuibia. Nampenda mumeo. Hajanigusa, hajanitongoza, hajui lolote. Kosa ni la moyo wangu. Nakuomba umzuie asije tena dukani. Na kama una tusi, nitukane, nimestahili.*

Kikombe kikamponyoka. Chai ikamwagika mapajani, na mtu wa zimamoto akaungua bila habari.

"Afande, vipi?" Dereva wa gari lao aliuliza. "Kuna msiba?"

"Sijui," alisema Afande. Alikuwa hajui kweli. Alisoma mara ya pili, akili ikagoma. Ananipenda, aliwaza. Kisha akawaza: anaomba radhi kwa mtu ambaye hayupo duniani. Kidole kilikuwa juu ya kioo, hakijui kiandike kwa jina la nani, kengele ilipolia. Ghala la magodoro lilikuwa linawaka.

Walipambana na magodoro hayo saa nne nzima. Na kwa saa zote hizo, kwenye simu ya Fundi, alama zilionyesha kwamba dada amesoma, na dada hajibu.

Afande alirudi kwake saa kumi na nusu jioni, uso umejaa masizi. Kwenye benchi la uani, kando ya mama mwenye nyumba, alikuwa ameketi mwanamke ambaye mwanzoni hakumtambua. Hakuwa na ovaroli wala bisibisi. Alivaa gauni refu la maua madogo, nywele zimesukwa upya, mikono ameipakata mapajani. Anwani aliitoa kwenye stakabadhi ya cherehani.

"Afande, umekuja wakati mzuri," mama mwenye nyumba alisema. "Dada huyu anamtafuta mkeo. Nimemwambia ama amekosea nyumba, ama mimi nimekosea mpangaji."

"Shikamoo, mama," Afande alisema, maana ndilo neno pekee lililomjia.

Fundi akatoa simu yake, akabonyeza, akaiweka sikioni. Kwenye mfuko wa kifua cha Afande, simu ikaanza kuita. Wote watatu waliisikiliza. Ikaita mpaka ikakata. Fundi akapiga tena, macho yake kwenye ule mfuko, na simu ikaita tena, na mama mwenye nyumba akajishika mdomo.

"Dada yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Fundi, nisikilize..."

"Nimeuliza dada yuko wapi. Ana shida ya koo. Anapenda zambarau. Ameniambia nimpigie mama yangu, nisianze na maelezo. Yuko wapi?"

"Ni mimi."

Uso wa Fundi haukukunjamana wala haukulia. Ulibaki wazi, umepigwa na butwaa, na kwa Afande hilo lilikuwa baya kuliko tusi lolote.

"Na cherehani?"

"Yangu. Tangu siku ile. Niliona aibu mbele ya wale akina mama."

"Uliona aibu ya kushona," alisema Fundi polepole. "Aibu ya kuusoma moyo wangu hukuiona."

"Niliusoma leo tu, nami ninaku..."

"Usithubutu!" Akasimama. "Nimevaa hivi kuja kuomba msamaha, Afande. Njia nzima nilikuwa najifunza namna ya kumpigia magoti mke wako. Sasa nimepoteza watu wawili kwa mpigo, na hata sijui nianze kumlilia yupi."

Akaondoka. Afande alimfuata mpaka getini, akaishia hapo.

Zikapita wiki tatu. Simu zake hazikupokelewa. Alikwenda dukani, akasimama mbele ya wateja na kusema kwa sauti kwamba anataka sindano za cherehani yake mwenyewe, anayoishonea mwenyewe. Wateja wakamshangaa, na Fundi akamwekea pakiti juu ya kaunta bila kumtazama. "Karibu tena, mteja," alisema. Kituoni alimweleza Dereva kila kitu. "Mimi nikidanganya, nasema nina kikao," alisema Dereva. "Wewe umezaa mtu mzima!"

Afande hakucheka. Alirudi nyumbani kushona, maana hakuwa na lingine la kufanya. Simu ya zamani aliendelea kuichaji, na hakujiuliza kwa nini.

Jumatano moja saa nne asubuhi, akiwa anaunga kola ya shati, ikalia. Mkono ukaruka, mshono ukaenda kombo.

*Dada, umepotea.*

Kabla hajapumua, ukaja mwingine. *Nina shida. Kuna mwanaume amenidanganya miezi miwili. Anasema ananipenda. Nimsamehe au nimwache? Nishauri kama unavyonishauri siku zote.*

Alikaa akiitazama ile simu. Angeweza kuandika *msamehe*. Neno moja tu. Kila kitu cha dada kilikuwa cha kutunga, ndoa, koo, hata ile zambarau. Lakini ushauri haukuwahi kuwa wa uongo, na alijua hilo, na Fundi alilijua pia. Vidole vyake vikubwa vikaandika polepole.

*Mwache. Mtu anayeona aibu ya kitu kidogo namna ile, ipo siku atakuonea aibu na wewe.*

Akatuma. Kisha akalaza kichwa juu ya cherehani, machozi yakamtoka bila kizuizi. Alikuwa amemfukuza Fundi kwa mikono yake mwenyewe.

Majibu yalichelewa. *Dada, hujawahi kunishauri vibaya,* yalisema. *Leo ndiyo mara ya kwanza. Fungua mlango.*

Alidhani amesoma vibaya. Akasimama, kiti kikaanguka. Alipofungua, Fundi alikuwa kizingitini katika ovaroli yake ya kijani, simu mkononi, na nyuma yake uani mama mwenye nyumba alikuwa akijitia kupepeta mchele.

"Umekuwa hapa muda wote?"

"Ungejitetea ningeondoka zangu," alisema Fundi. "Ungesema nikusamehe, hata kwa maneno matamu kiasi gani, usingeniona tena." Macho yake yalikuwa mekundu. "Unalia?"

"Ndiyo."

"Vizuri."

Akaingia. Akazunguka chumba bila kukaribishwa. Akagusa mapazia, akayapindua kutazama pindo. Akachukua shati lililokuwa chini ya sindano, akalitazama, akaguna. "Kola hii umeiweka chini juu," alisema, akaketi kitandani. "Nimemkumbuka sana, unajua? Nimekukumbuka wewe, lakini yeye nimemkumbuka zaidi. Nilikuwa nikirudi nyumbani na kichekesho, sina wa kumwandikia."

"Yupo," Afande alisema. "Hajaenda popote. Muulize unalotaka."

Fundi akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Alimtazama yule mtu wa miraba minne aliyesimama na uzi mweupe umemning'inia begani, kisha kitu kikalegea usoni mwake.

"Sina haja ya kumuuliza. Mkeo namfahamu vizuri, tumeshaongea kila kitu. Hana wivu, ana busara kukuzidi, na amenipokea vizuri tangu siku ya kwanza." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo nimekubali. Nitaolewa mke wa pili. Ila sitaki mambo ya zamu, mpenzi wangu. Bibi mkubwa nataka tukae naye nyumba moja."

Ilimchukua Afande muda mrefu, akiwa ameduwaa pale katikati ya chumba, kukumbuka kwamba alikuwa bado hajaposa.